Kigoda Nyuma ya Matete

Asheri alirudi kutoka Burma na sikio moja. La kushoto lilibaki kichwani kama pambo tu, baada ya kombora kuanguka karibu na shimo alimokuwa amejibanza na chombo chake cha simu ya upepo. La kulia lilisikia, lakini si vyote. Lilisikia ng'ombe, mvua juu ya migomba, mkewe Damari akimwita kula. Sauti nyembamba zilimpita. Mbu wa Kyela, ambao kila mtu huwalaani, yeye aliwajua kwa kuumwa tu.

Hakuja na mali. Alikuja na koti la jeshi na daftari ambalo alikuwa amenakili humo michoro ya vyombo vya mawasiliano, kila mstari kwa rula, maelezo kwa Kiswahili chake cha darasa la nne. Akarudi Ngonga, akalima mpunga kama baba yake, na jioni akawa fundi wa redio katika nchi ambayo redio zilihesabika kwa vidole. Ilikuwepo ya mwalimu wa misheni, ilikuwepo ya mwenye duka, na zilikuwepo zile ambazo wachuuzi walivuka nazo mto Songwe kutoka Nyasa ya ng'ambo, zimefunikwa vitenge. Zikifa, zililetwa kwake. Alizifungua, akazinusa, kwa kuwa kitu kilichoungua kina harufu, na pua yake haikwenda vitani.

Katika daftari lile ulikuwemo mchoro mmoja aliourudia mara nyingi kuliko mingine. Ulionyesha spika mbili zinazofanya kazi pamoja, kubwa kwa sauti nene na ndogo kwa sauti nyembamba, na kati yao kipande cha ubao chenye koili na kapasita. Kipande hicho alikiita kigawanyo. Asheri aliamini kwamba akitengeneza spika za namna hiyo, zikanyooshwa sawasawa, sikio lake litarudishiwa vile vilivyompita. Hakumwambia mtu. Mtu mzima hawezi kusema hadharani kwamba anataka kumsikia mbu.

Spika kubwa aliipata kwa mchuuzi wa Karonga, imetolewa kwenye gari la sinema lililokufa. Ndogo haikupatikana. Mwaka 1955, mwanawe wa pekee, Mika, alikuwa anakaribia kumaliza mkataba wake kwenye machimbo ya Johannesburg. Asheri alimwandikia: *Mwanangu, huko najua zipo. Ndogo, upana wa kiganja. Ukipata nafasi.*

Mika alipata nafasi kwa kuongeza mkataba.

Kifurushi kilifika mwaka 1957 na mtu wa Ipyana aliyekuwa anarudi. Spika ndogo ilikuwa imeviringishwa ndani ya shati, na pamoja nayo santuri moja, kwaya ya wachimbaji wa kambi yake, na barua. *Baba, spika uliyoagiza ndiyo hii. Mimi ni mzima. Santuri tumeimba sisi. Ubeti wa pili ninaanzisha peke yangu, utanisikia. Mama amwambie Rut akufinyangie chungu kikubwa cha kuiwekea ile nyingine, chungu cha kwao hakitetemeki ovyo.*

Rut alikuwa mke wa Mika. Walikuwa wameoana miezi mitatu tu kabla ya safari. Alitoka Ikombe, kwa Wakisi, ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani bila kuacha nafasi ya shamba, wanaume huvua na wanawake hufinyanga. Alikuja Ngonga na udongo wake. Kaka yake Noa alimletea mwingine kwa mtumbwi kila baada ya miezi michache, umefungwa kwa majani ya mgomba kama chakula anacholetewa mtu kutoka kwao.

Siku kifurushi kilipofika, walikwenda kwa mwalimu mwenye gramafoni ya kukaza kwa mkono, wakaipiga santuri mara tatu. Ubeti wa pili ulipofika, ilitoka sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya debe.

"Ndiye?" Damari aliuliza.

"Kasema ubeti wa pili. Huu ni wa pili."

"Nilimzaa kwa taabu ya siku mbili, leo naambiwa nimjue kwa kuhesabu beti."

Walicheka. Mwezi uliofuata ofisi ya vibarua ilileta barua nyingine, ya mashine, yenye namba ya Mika na tarehe. Alikuwa amezikwa huko huko. Ugonjwa wa kifua, mistari miwili.

Matanga yalipokwisha walirudi kwa mwalimu, wakaipiga tena santuri. Hakuna aliyecheka. Damari alisikiliza ubeti wa pili akiwa amesimama, kisha akasema kwa upole, kama anayeomba radhi, "Huyu anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote."

Asheri aliinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha. Mifereji yake, iliyokuwa myeusi na kung'aa, ilikuwa imeanza kuwa na kijivu. Sindano ya chuma ilikuwa inaila. Aliifunga ndani ya shati lile lile iliyokuja nalo, akaapa kwamba haitapigwa tena mpaka spika ziwe tayari, na zitakuwa tayari kabla mkamwana hajaondoka.

Maana Rut angeondoka. Hakuwa na mtoto, Mika hakuwa na ndugu, na mwaka wa msiba ungekwisha pamoja na mavuno ya mpunga wa 1958. Noa angekuja na mtumbwi.

Chungu Rut alikifinyanga. Kilifika kiunoni, kimenenepa tumboni, mdomo wake umesawazishwa ili ubao wa spika ukae bila kuyumba. Alikichoma kwa siku mbili, akakiacha mlangoni alfajiri, na Asheri akakikuta hapo. Hakumshukuru. Hakuweza. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe wake wala baba mkwe hamwoni yeye. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini na kujifunika mpaka mzee apite. Jina la mkwewe halitamki, na neno linalofanana na jina hilo hulizunguka. Wamisionari walikuwa wamehubiri dhidi ya jambo hilo tangu enzi za Wajerumani. Wakristo wa Ngonga waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakasimamisha uzio. Wa Asheri ulikuwa wa matete, ukikata ua katikati. Upande wa huku nyumba yake na Damari, upande wa kule nyumba ya Mika, vyungu vya Rut na kigoda chake. Kwa miaka minne Asheri hakuwahi kuuona uso wa mwanamke aliyekula chakula cha chungu kimoja naye.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa bado imeshika, alipanga vyombo vyake chini ya kipenu. Chungu kilikuwa na spika kubwa mdomoni, kimelazwa. Pembeni yake, upande wa uzio, ulikuwepo ubao mrefu, na juu yake spika ndogo ndani ya kisanduku kinachosogea mbele na nyuma. Kwenye ubao alichora mistari kwa kisu, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa unene wa ukucha. Nyuma ya vyote ilikaa redio ya betri, ambayo ndiyo ingesukuma sauti, na kigawanyo, koili zake zimeviringwa juu ya vipande vya mwanzi.

Kigawanyo hufanya kazi ya mtu aliyesimama njia panda. Sauti nene huzielekeza kwenye spika kubwa, nyembamba kwenye ndogo. Taabu iko kati, kwenye sauti ambazo spika zote mbili huzishika kwa wakati mmoja. Zikisukuma pamoja, sauti hujaa. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zinafutana, na msikilizaji anapata shimo. Sauti ya mwanamume anayeimba juu, kama Mika, iliishi hapo hapo.

Hakuwa na chombo cha kupimia, wala hakutaka kupima kwa santuri. Lakini redio ile ilikuwa na kilema. Ukikaza kitufe kimoja kupita kiasi ilipiga mluzi, na ukizungusha kingine polepole mluzi ulipanda, kutoka mlio wa fahali mpaka mlio wa kipanga na kuendelea. Alichokihitaji ni sikio la kusema mluzi unazama wapi.

Damari alijaribu siku moja. "Mimi nasikia kelele," alisema. "Chini kelele nene, juu kelele nyembamba. Niandike hivyo?"

Siku ya pili, Asheri alipokuwa anazungusha kitufe, kutoka nyuma ya matete ilikuja ko, ko, ko. Rut alikuwa anagonga vyungu vyake kabla ya kuvipeleka gulioni. Ndivyo wafinyanzi wanavyofanya: kila chungu hupigwa kwa kifundo cha kidole, na kile chenye ufa usioonekana hujisema chenyewe kwa kutoa mlio mfu.

"Mwambie anyamaze kidogo, nasikiliza."

Damari alizunguka uzio, akakawia, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari.

"Anasema samahani. Anasema pia mluzi wako una ufa."

"Una nini?"

"Ufa, kama chungu. Unapanda vizuri, ukifika juu kidogo ya katikati unazama, halafu unaibuka tena."

"Amesikia akiwa kule?"

"Kwani wewe umesikia ukiwa hapa?"

Asheri alirudisha kitufe chini. Kisha akasema, "Mwambie anisikilizie tena. Ukizama, agonge chungu mara moja."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda. Adhuhuri, wakati watu wako mashambani na vinu vimenyamaza, Asheri aliketi chini ya kipenu na kuzungusha kitufe. Nyuma ya matete, kwenye kigoda chake, hatua sita upande wa kushoto, Rut aliketi na chungu kilichopinduliwa mbele yake. Mluzi ulipanda. Ko. Asheri alitia alama ya penseli kwenye uso wa redio. Aliufungua waya wa koili mizunguko kumi, akarudia. Ko. Alama ikasogea. Alizoea kuungoja mlio huo mmoja wa kidole kuliko alivyowahi kungoja amri yoyote ya jeshi.

Jirani yake Lameck alipita na jembe begani. "Asheri, leo kimepikwa nini kwenye chungu hicho?"

"Sauti."

"Ikiiva niite. Sipendi mbichi, mbichi nimezipata za kutosha kwa mke wangu."

Daftari lilisema aunganishe waya mwekundu na mwekundu. Alifanya hivyo, na shimo lilikuwepo. Alipogeuza nyaya za spika ndogo, shimo lilipungua, lakini mkamwana bado aligonga, safari hii kwa kusitasita. Sauti za spika mbili hazikuwa zinafika pamoja. Moja ilikuwa inatangulia, kama waimbaji wawili ambao mmoja huvuta pumzi mapema. Ilibidi ndogo isogezwe. Lakini kiasi gani? Rut alimwambia Damari kwamba hawezi kusema lini sauti inajaa zaidi, kujaa na kujaa sana vinafanana.

Asheri alilifikiria jambo hilo usiku kucha bila kuwasha taa. Asubuhi alirudisha nyaya kama zilivyokuwa mwanzo, zile zinazofutana. Kama sikio haliwezi kupima kujaa, basi lipime kupotea. Kisanduku kikae pale ambapo sauti inapotea kabisa, isibaki hata uzi. Hapo spika zitakuwa zimelingana, na nyaya zikigeuzwa, kile kilichokuwa kimepotea ndicho kitakachosimama.

"Mwambie," alimwambia Damari, "sasa asinitafutie sauti. Anitafutie mahali inapokufa."

Damari alimtazama. "Hilo sitamwambia hivyo," alisema. Akaenda kulisema kwa maneno yake.

Walichukua siku nne. Ukucha nyuma. Ukucha nyuma. Wakati mwingine mvua iliwafukuza, wakati mwingine ndege wa mpunga. Siku ya tano, kwenye mstari wa kumi na saba, chungu kiligongwa, kikagongwa tena, kisha Rut akamwita mama mkwe wake. Damari alirudi polepole.

"Anasema hapo hamna kitu. Ni kama mtu amemziba masikio kwa viganja."

Asheri alichonga alama hapo kwa kisu. Aligeuza nyaya, akakaza kitufe, akaanza chini kabisa, akapanda, akapanda, mpaka mahali ambapo hata sikio lake zima liliacha kusikia. Nyuma ya matete hapakugongwa. Alishusha, akapandisha tena. Kimya. Aliuacha mkono wake juu ya kitufe kwa muda mrefu baada ya mluzi kwisha.

Noa alikuwa ametuma salamu kwamba Ijumaa atakuwa ufukweni. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi, Damari alivaa nguo zake za kanisani. Asheri alichonga mwiba wa mlimao kuwa sindano, kwa kuwa mwiba hauli santuri kama chuma, akaufunga kwenye mkono wa gramafoni aliyoiazima kwa mwalimu, mkono aliouunganisha na redio. Waliketi mbele ya chungu, kila mmoja kwenye kiti chake. Alijua kwamba betri imechoka na haina siku nyingi. Akaushusha mwiba.

Ubeti wa kwanza ulimshitua. Sauti nene za wanaume arobaini zilitoka kwenye udongo wa Ikombe kama zinatoka ardhini, na kifua chake kilizisikia kabla ya sikio. Kisha kwaya ikanyamaza na mtu mmoja akaanzisha ubeti wa pili.

Mwanzo wa neno ulisikika. Mwisho wa neno ulisikika. Katikati palikuwa patupu.

"Ni yule yule wa kwenye debe," Damari alinong'ona.

Nyuma ya matete, chungu kiligonga kitu kikavingirika. Asheri aliunyanyua mkono wa sindano.

"Kamuulize kama amesikia."

Damari alikwenda, akarudi ameshika uzio kwa mkono mmoja. "Anasema ni yeye. Amevuta mwisho wa neno vile alivyokuwa akivuta akimwita kutoka mtoni." Akaketi chini, na nguo zake za kanisani, kwenye tope.

Asheri alitazama chungu, akatazama kisanduku, akatazama uzio. Alichukua kamba, akaipima kutoka spika kubwa mpaka kiti chake, na kutoka ndogo mpaka kiti chake. Kisha akaivuta kutoka kila spika mpaka kwenye matete, mpaka alipoweza kufika bila kuchungulia. Hakuhitaji daftari. Spika mbili zilizokaa pembeni kwa pembeni haziwi mbali sawa na kila mtu. Zilinyooshwa kwa sikio moja, mahali sikio hilo lilipokuwa. Siku zote zile alikuwa akimtengenezea mwanawe njia, na njia hiyo ilikwenda kwenye kigoda kilichoko nyuma ya matete, mahali pekee uani mwake ambapo yeye hakuruhusiwa kuketi. Mtu wa kabila lingine angemwita mkwewe aje akae mbele. Yeye hata wazo hilo halikumpitia.

Kuanza upya kungehitaji siku, na masikio yale yalikuwa yanaondoka kesho.

"Nenda ukakae kule basi," Damari alisema kutoka chini.

"Kuna mtu."

"Mtu ana miguu. Atatoka."

Alinyanyuka, akaenda. Asheri alisikia mazungumzo marefu kuliko alivyotegemea, Rut akisema kitu, Damari akisema kitu, Rut tena.

"Anasema usikae," Damari alisema aliporudi.

"Kwa nini?"

"Anasema amesikia kwa niaba yetu sote, inatosha. Anasema mwiba unaila santuri."

"Mwiba hauli."

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie mimi ndiye baba yake."

Nyayo zilisikika zikienda upande wa kisima, bila haraka, na Damari akasema, "Ametoka."

Asheri alimwonyesha mkewe jinsi ya kushusha mkono wa sindano, taratibu, kama anayelaza mtoto. Kisha akauzunguka uzio. Aliona vyungu vimepangwa kwa ukubwa, jembe la Mika limefungwa kitambaa kwenye mpini, na kile chungu cha kugongea kimelala ubavu. Kigoda kilikuwa kifupi. Aliketi, magoti yakamfika kifuani. Ubeti wa kwanza ulianza, na kabla haujaisha Damari alikuwa amefika akihema, akaketi chini karibu naye.

Mika aliingia.

Aliingia mzima, na neno lake halikuwa na tundu. Alikuwa mbele yao, kama hatua tatu, nyuma kidogo ya matete. Alikuwa na ile sauti ya juu yenye ukwaruzo mwembamba pembeni, ambayo tangu utotoni Asheri alimkataza kuipigia kelele. Damari alimshika mumewe mkono.

Mstari uliisha, na kabla ya mstari wa pili Mika akavuta pumzi.

Gramafoni ya mwalimu ikiwa peke yake haikuwa imeitoa pumzi hiyo, wala viti vya mbele havikuipata. Ilikaa chini ya sauti, pale pale ambapo spika mbili zinapokutana. Ilikuwa na mkwaruzo ndani yake, kama mchanga unaomiminwa taratibu kwenye chungu. Aliivuta mara ya kwanza haikutosha, akaivuta tena. Akaimba. Mwisho wa mstari, mchanga tena. Asheri alikuwa amelazwa pamoja na watu kama hao kwenye hema la wagonjwa kule Burma, na alijua ni kifua cha namna gani kinachotoa mlio huo, na kwamba mtu hafiki hapo kwa wiki moja.

*Mimi ni mzima*, aliandika Mika, siku ile ile aliyoviringisha spika ndani ya shati.

"Ana mafua," Damari alisema.

Asheri aliketi mpaka mwiba ulipofika mwisho na kuanza kukwaruza duara tupu, na hakuna aliyekwenda kuunyanyua.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, Rut alikuwa amerudi upande wake na anafunga vitu. Asheri alisimama upande wa huku, uso kwa matete.

"Damari, mwambie mkamwana jambo."

"Mwambie tu. Anasikia."

"Mwambie ni mimi niliyeandika barua ya kuagiza ile ndogo. Mkataba wa kwanza ulikuwa unakwisha. Angekuwa hapa."

Kule upande wa pili mkono uliokuwa ukikunja majani ya mgomba ulitulia.

"Mama," Rut alisema, na ilikuwa mara ya kwanza Asheri kuyashika maneno yake, kwa sauti nene kuliko alivyodhani. "Mwambie baba kwamba nilijua, tangu mwaka ule ule. Mika aliniambia kwenye barua yangu kwa nini anabaki. Kifua sikukijua. Kifua nimekisikia leo asubuhi, wa kwanza. Ndiyo maana nilisema asikae."

Damari alingoja, akidhani kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi.

"Ndaga," Asheri aliyashukuru matete kwa Kinyakyusa.

Noa alikuja Ijumaa asubuhi, akiwa na sauti kubwa ya watu wa majini. Alimtania dada yake kwamba amenenepa kwa mchele wa watu, alikizunguka chungu chenye spika, akauliza kitapikaje kikiwa kimezibwa mdomo. Damari alimpa chai. Asheri alikaa ndani, mlango umerudishwa, kama inavyotakiwa. Alisikia vyungu vikigongwa kimoja kimoja, Rut akichagua vya kwenda navyo. Santuri Damari alikuwa amempelekea, imefungwa, naye akairudisha. Kwao hakuna chombo cha kuipigia, alisema. Ibaki ilipo.

Kigoda hakukichukua.

Mwaka uliofuata zilikuja habari kwamba ameolewa na mvuvi huko huko. Damari alizipokea, akazisema mara moja mezani, basi. Santuri ilikaa ndani ya sanduku, ndani ya shati, na Asheri hakuipiga tena. Betri mpya aliinunua baada ya mavuno, na watu wa Ngonga wakawa wanakuja jioni kusikiliza taarifa ya habari, nyimbo, na baadaye hotuba za watu waliokuwa wanaidai nchi. Waliketi mbele ya chungu, wengi, kwenye mikeka. Waliisifu sana redio ya Asheri kwa unene wake, ingawa wengine walilalamika kwamba waimbaji wanapotea katikati ya neno. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusogeza kisanduku. Hakukisogeza.

Uzio wa matete hauishi zaidi ya mvua mbili. Ulipooza, hapakuwa tena na mtu wa kufichwa upande wa pili. Lameck alimkuta Asheri mtoni akikata matete mapya, akambebea mzigo mmoja mpaka nyumbani, akamtazama akiyasimika pale pale, kwenye mashimo yale yale.

"Mzee, unamficha nani sasa?"

Asheri alifunga fundo la mwisho. Halafu akauzunguka uzio, akakaa kwenye kigoda, magoti kifuani, akalegeza shingo kuelekea upande wa sikio zima.

"Washa," alimwambia Lameck.

"Njoo ukae huku mbele na wenzako."

"Washa tu. Mimi nasikia kutoka hapa."